Saketi za kupima maji zinazofanyiwa majaribio kwenye glasi: mbona hamtuelezi habari ya waya mrefu?

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira, na sitaificha. Karibu kila mwongozo wa kujitengenezea kihisi cha kiwango cha maji unaonyesha kitu kilekile: glasi juu ya meza, nyaya za urefu wa shubiri, transista moja (kipande kinachokuza mkondo mdogo), taa inawaka, shangwe. Kisha msomaji anaambiwa, bila haya, kwamba sasa aende akaifunge kwenye tangi lake. Ni tangi la nani hilo linalokaa mezani?

Tangi langu liko juu, taa ziko ndani, na katikati kuna mita 30 hivi za waya uliolala bega kwa bega na waya wa pampu. Maji yakiwa chini kabisa na ncha ya juu ya kihisi, ile inayopaswa kuguswa na maji tangi likijaa, ikining'inia kavu, pampu ikiwaka tu taa ya kujaa nayo inawaka. Relei, yaani swichi inayoendeshwa na saketi, inadhani tangi limejaa, inakata pampu. Pampu ikikatwa taa inazimika, relei inairudisha, na mchezo unaanza upya, tatata, hadi mtu aende akang'oe fyuzi.

Hili si jini, ni hesabu ambayo waandishi wa miongozo wangeweza kuifanya kabla ya kuchapisha. Nyaya mbili zikilala pamoja zinakuwa kapasita, yaani zinapitishiana umeme geu bila kugusana. Tukikadiria pikofaradi 50 kwa kila mita, mita 30 zinatoa pikofaradi 1500, ambazo kwa umeme wa hezi 50 ni sawa na kizuizi cha takribani megaohm 2. Volti 230 zikipenya hapo zinaleta mikroampea 100 hivi kwenye mguu wa transista unaopokea ishara ya kihisi, ulioachwa wazi, na transista yenye ukuzaji wa mara 200 haihitaji hata kiasi hicho ili iwashe taa. Rezista ya kiloohm 10 kutoka mguu huo kwenda upande hasi, pamoja na kapasita ya mikrofaradi 10 sambamba nayo, inaumeza mtetemo huo karibu wote, nayo inachelewesha jibu kwa sehemu ndogo tu ya sekunde, ilhali maji hayapandi kwa kasi ya risasi. Vipande viwili vya bei ya kutupa! Kwa nini havimo kwenye michoro yenu?

Ukiuliza, unajibiwa "weka waya mnene", kana kwamba unene unatibu jambo hili, au "nunua cha dukani", jibu ambalo halimsaidii mtu aliyekuja kujifunza kutengeneza.

Kuna na suala la ncha zenyewe. Mkondo mnyoofu (wa upande mmoja, kama wa betri) ukipita majini mchana na usiku, elektrolisisi inaila ncha ya upande chanya: shaba yangu imechongoka kama sindano na imevaa ukoko wa kijani, huku ile ya upande hasi ikiwa nzima. Wachache wanaolitaja jambo hili wanashauri mkondo geu (unaobadili upande mara kwa mara), na wako sahihi, ila wanaishia hapo. Nyaya za kihisi chenyewe zikifikia nanofaradi 3 (pikofaradi 3000), mkondo geu wa kilohezi 10 unaziona kama kizuizi cha kiloohm 5 tu, yaani saketi itaapa kwamba kuna maji hata tangi likiwa kavu. Kwa hezi 100 kizuizi hicho kinapanda hadi kiloohm 530, na hapo maji yanaweza kutofautishwa na waya. Ushauri usiotaja hezi ngapi ni nusu ya ushauri.

Ninachodai ni kidogo. Anayeweka mchoro aandike urefu wa waya alioujaribu, aseme kama ulipita karibu na waya wa umeme, na kama pampu ilikuwa ikifanya kazi wakati huo. Na ambaye chake kimedumu kwenye waya wa mita 30 au zaidi atuwekee thamani za rezista na kapasita zake hapa chini, pamoja na picha ya ncha zilivyo leo, si zilivyokuwa siku ya kufungwa.