Mfereji wa maji ya ziada umezibwa kwenye bwawa lililo juu ya nyumba zetu. Nani atawajibika?

Ndugu zangu wa Nakuru, uvumilivu wetu umekwisha. Juu ya kijiji chetu, upande wa Subukia, kuna shamba lenye bwawa la udongo ambalo mwenyewe huliita dogo, na huenda ni dogo kweli kwa mtu aliyesimama juu ya ukuta wake. Sisi tunaolitazama kutoka bondeni hatulioni hivyo.

Kabla ya mvua za masika zilizopita, mwenye shamba alipanga magunia ya mchanga kwenye mfereji wa kupitishia maji yanayozidi, ili apate maji mengi zaidi ya kumwagilia mboga zake za biashara. Magunia hayo yapo hadi leo. Ukuta wa udongo haujengwi ili maji yapite juu yake: yakishauvuka huanza kuula upande wa nyuma, na kinachoanza kama mchirizi huwa pengo kwa muda mfupi sana. Mfereji aliouziba ndio uliokuwa kinga yetu, na ameuziba kwa ajili ya sukumawiki.

Chini ya ukuta kuna mahali panapovuja. Maji machache yanayovuja yakiwa maangavu si ajabu kwa bwawa la namna hii, lakini haya yana tope, yaani yanatoka na udongo wa ukuta wenyewe. Tulipomwonyesha msimamizi wa shamba, aliagiza mikaratusi ipandwe pale pale ili “inywe maji”! Mizizi ya mti hupenya ndani ya ukuta, na mti ukifa mizizi huoza na kuyaachia maji njia.

Hatuogopi kivuli. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la Solai, ambalo nalo lilikuwa la udongo na la shamba la mtu binafsi katika kaunti hii hii, lilipasuka na kuua zaidi ya watu 40, wakiwemo watoto waliokuwa majumbani mwao. Baada ya hayo, afisa wa serikali anathubutuje kutuambia kwamba hiyo ni mali ya mtu na haingiliwi? Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inataka kibali kwa anayezuia maji ya kijito kwa kilimo cha biashara. Tumeomba kuonyeshwa kibali hicho pamoja na ramani ya ujenzi, tukaambiwa faili haionekani.

Tunataka magunia yaondolewe wiki hii na maji yapunguzwe kabla ya mvua kurudi. Tunataka pia mhandisi wa mabwawa, asiyelipwa na mwenye shamba, aukague ukuta huo na kutusomea taarifa yake hadharani mbele ya chifu. Aliyewahi kulazimisha ukaguzi wa aina hii katika kaunti yoyote atueleze alianzia ofisi gani na barua yake ilidai nini hasa.