Mashine ya kufulia haifungi mlango, taa ya kufuli inapepesa

Mwanzisha mada

Habari za leo wakuu. Mashine ni ya mlango wa mbele. Nikibonyeza kuanza, inalia "tak" mara moja, inatulia kidogo, halafu inalia tena. Baada ya kujaribu mara kadhaa taa ya kufuli inapepesa na maji hayaingii. Nikiusukuma mlango kwa goti wakati wa kuanza, mara nyingine inakubali. Multimita ninayo. Ninunue kufuli jipya moja kwa moja au kuna cha kukagua kwanza?

Bisibisi_Bapa

Usinunue kwanza, mkuu. Kusukuma kwa goti kunasema mengi: kufuli linajaribu kufunga, ila mlango haufiki mahali pake.

Ndani ya kufuli kuna kitelezi kinachosogezwa na kulabu ya mlango. Kitelezi kikifika mwisho, kipini kidogo kinachomoza na kukizuia kisirudi. Hapo ndipo swichi inaunganisha umeme na bodi (saketi inayoongoza mashine) inapata taarifa kwamba mlango uko salama. Kitelezi kikipungukiwa hata milimita moja, kipini kinakigonga ubavuni na swichi haifungi. Hiyo "tak" unayoisikia ikijirudia huenda ndiyo hiyo.

Chomoa plagi ukutani, kisha anza na mpira wa mlango. Pitisha kidole kwenye mkunjo wake wote. Soksi au uzi uliobanwa unatosha kuuzuia mlango, na sabuni iliyoganda vilevile. Halafu fungua mlango nusu, ushike upande wa kulabu, uunyanyue juu na kuushusha. Ukicheza, bawaba imelegea au imechakaa. Mwisho bonyeza kulabu kwa kidole: inatakiwa irudi yenyewe kwa nguvu ya springi. Ikibaki imelala, springi imevunjika au pini yake imechomoka. Tazama pia ncha ya kulabu kama imelika, hasa ikiwa ya plastiki.

Ohmu_Mia

Naongezea upande wa umeme, maana hapa ndipo watu wanatupa makufuli mazima.

Makufuli yako ya aina mbili kuu. La kwanza lina kipande cha kauri kinachopata joto umeme ukiingia (kipasha joto), na juu yake kibati cha metali mbili. Kibati kinajikunja kwa joto na kusukuma kipini, kwa kawaida ndani ya sekunde 2 hadi 5. Ndiyo maana programu ikiisha unasubiri dakika moja au mbili: kibati kinapoa. La pili lina koili, yaani waya uliosokotwa unaovuta kwa sumaku umeme ukipita. Linafunga papo hapo na kufunguka papo hapo.

Kulitoa si kazi kubwa. Mpira wa mlango umeshikwa kwa mbele na pete ya waya yenye springi ndogo. Tafuta springi hiyo, iinue kwa bisibisi bapa, toa pete, kisha bandua mpira upande wa kufuli tu. Legeza skrubu mbili zilizo mbele, ingiza mkono kwa nyuma, shika kufuli. Piga picha kabla ya kuchomoa waya.

Kwenye kufuli la kauri, pima ohmu kati ya vile vidole viwili (ncha za chuma zinazochomekwa waya) vya kipasha joto. Likiwa la baridi, mia kadhaa hadi elfu moja na zaidi ni kawaida. Multimita isiposoma kitu, kipasha joto kimekatika. Ikisoma karibu na sifuri, kuna shoti, na bodi nayo ikaguliwe kabla ya kufunga kufuli jipya, la sivyo utaunguza la pili. Mpangilio wa vidole unatofautiana kati ya modeli na modeli, kwa hiyo fuata mchoro wa mashine yako, usikisie.

Angalia pia plagi ndogo ya waya. Plastiki ikiwa nyeusi au imeyeyuka, kidole kilikuwa kimelegea na kikapata moto. Ukibadilisha kufuli ukaacha plagi ileile, tatizo litarudi.

Kichujio

Kwa wenye tatizo la kinyume, mlango umegoma kufunguka: msivute mpini, utavunjika huku kufuli likiwa zima. Mashine nyingi hazifungui ikiwa bado kuna maji ndani au ni ya moto. Chomoa plagi, subirini, tangulizeni beseni, toeni maji kwa kimpira kidogo cha chini kama kipo, ndipo mfungue chujio la pampu taratibu. Kwenye mashine nyingi, pembeni mwa chujio kuna kamba au kishikio cha dharura. Kivuteni chini maji yakishaisha, si kabla.

Mwanzisha mada

Asanteni sana. Nimepima: ohmu 980, plagi safi. Bawaba ya juu skrubu moja imelegea, na kulabu ikibonyezwa inarudi nusu tu.

Bisibisi_Bapa

Kipasha joto chako ni kizima, na dalili zote zinaelekea mlangoni. Kaza bawaba ukiwa umeunyanyua mlango kidogo ili kulabu iingie katikati ya tundu bila kukwaruza. Kulabu ibadilishe pamoja na springi na pini yake. Usiibane kwa waya wala gundi, maana mlango ukiachia maji yamejaa ni hatari. Kwa kulabu lazima ufungue mlango wenyewe: utoe kwenye bawaba, ulaze kifudifudi juu ya taulo, toa skrubu za mzingo na utenganishe fremu mbili. Kioo kitakuwa huru, kishike.

Ohmu_Mia

Ukimaliza, anzisha programu bila nguo na uhesabu milio. Ikilia "tak" moja na maji yakaingia, umemaliza. Ikigoma bado, chomoa plagi na upime mwendelezo (kama waya haujakatika) wa kila waya kutoka kufuli hadi bodi, ukiuchezesha pale unapopinda. Kupima volti mashine ikiwa kwenye umeme mwachie fundi.