Mnaofundisha seva kwa recv(1024) moja tu, huwa mnazijaribia wapi?

Wakuu, wiki nzima sijalala vizuri, leo lazima niseme.

Nimelipia kozi ya kutengeneza seva ndogo ya wavuti kwa Python. Mwalimu anaandika conn.recv(1024), amri ya kupokea data za mtandao, mara moja tu, anajibu ombi, kisha anatamba, "Mmeona ilivyo rahisi?" Nami nikamtengenezea mjomba seva ya stoo, vijana wapige picha risiti na kuzituma kwa simu. Picha hazikufika. Nikamuuliza mwalimu, akajibu: "Ongeza namba, weka milioni moja."

Nikaweka. Kwenye kompyuta yangu, 127.0.0.1 (mashine inajipigia yenyewe), picha zikapita, nikashangilia. Stoo sasa! Juu risiti inasomeka, chini kijivu kitupu. Mjomba anauliza kama simu za siku hizi zinakula jumla ya hesabu.

Jamani, ile namba ni kikomo, si ahadi! recv inakupa kilichokwisha kufika, hata kama ni baiti moja. TCP, itifaki inayosafirisha data hizi, ni mfereji wa baiti tu, haijui ombi lako linaishia wapi. Kwenye Wi-Fi ya kawaida kila pakiti hubeba baiti 1460 hivi, kwa hiyo picha hufika vipande vipande. Ndani ya mashine moja, Linux huruhusu pakiti za hadi 65536, ndiyo maana ugonjwa ulijificha.

Nikajitia ujanja: nisome kwenye lupu mpaka recv irudishe tupu. Seva ikaganda. Kumbe tupu huja pale tu upande wa pili unapofunga, na kivinjari hakifungi, kinasubiri jibu langu. Tukabaki kama wageni wawili mlangoni, kila mmoja anamwambia mwenzake tangulia.

Kilichofanya kazi ni kulimbikiza kila kipande kwenye bafa moja (hifadhi ya muda) na kutafuta \r\n\r\n, yaani mstari mtupu unaofunga heda, maelezo ya mwanzo wa ombi, ndani ya bafa yote, maana hata alama hiyo huweza kukatika katikati. Hapo heda zimeisha, soma Content-Length, yaani idadi ya baiti za mwili wa ombi. Halafu, na hapa nilipoteza siku mbili, toa kwanza kwenye hesabu hiyo baiti za mwili zilizokuja pamoja na heda, ndipo usome zilizobaki. Usipotoa, utasubiri baiti ambazo tayari unazo. Ukipata tupu kabla hesabu haijatimia, mtu kakata, tupa. Weka na settimeout (ukomo wa muda wa kusubiri), na ukomo wa ukubwa, asije mtu akaandika Content-Length ya gigabaiti kumi. Ombi likija na Transfer-Encoding: chunked, yaani mwili kwa vipande bila kutaja jumla, hesabu ni nyingine kabisa, mimi nalikataa kwa 411 (jibu la "taja urefu"), stoo haina haja nalo.

Mistari kama ishirini hivi. Ishirini! Ingemshinda nini kuifundisha?

Nimempelekea yote haya kwa adabu kabisa. Kanitoa kwenye grupu la WhatsApp. Na elfu thelathini yangu je?