UKOO WA UYOLE 🏏 (asiyechangia asiulize siti)

Mama Tusa Katibu 07:52
Jamani habari za asubuhi, nimesema na narudia, Kombe la Dunia la kriketi 2027 linachezwa Afrika Kusini, Zimbabwe na Namibia, Oktoba na Novemba, tangu 2003 halijarudi Afrika na sisi wa Mbeya ni kuvuka Tunduma tu unalala Lusaka unaendelea na basi, elfu 20 kila kaya kila mwezi nani anashindwa?? Andikeni majina
1. Mama Tusa
2.

Mama Tusa Katibu 09:40
Naona mmesoma watu 19

Lwitiko 09:58
Shikamoo shangazi, tunaenda kumuangalia nani kwanza

Mama Tusa Katibu 09:59
Marahaba. India. Ndo timu yenye watu. 2023 Hardik kaumia kifundo mechi ya Bangladesh, Shami alikuwa benchi akaingia kamaliza na wiketi 24 (wapigaji aliowatoa) kwa mechi 7. 2025 Kombe la Mabingwa Bumrah mgongo, hajagusa mpira, wamebeba. Varun hata kikosi cha mwanzo hakuwemo, akaongezwa akawala New Zealand wiketi 5

Baba Lusajo 10:20
Dada hilo ni benchi la maboula (warushaji) tu. Hardik alikuwa anarusha NA anapiga, alivyotoka wakaziba kwa watu wawili na bado pengo likabaki. Fainali si tuliona, Rahul mipira 107 boundari (mpira kufika mpakani) moja, sio kwamba hawezi kupiga, anajua akitoka Surya anabaki na watu wanaoshika bati kama wanafukuza nyoka jikoni. Wakatoka wote kwa mikimbio 240. Head wa Australia akaja na 137 na nahodha wetu Rohit akigeuka hana boula wa sita wa kumpa mpira

Lwitiko 10:22
😂😂 nyoka jikoni

Tusa 10:25
2025 walirekebisha lakini anko, Axar akapandishwa kupiga namba tano Jadeja akashuka namba nane, na fainali Jadeja ndo kapiga ile ya mwisho ya ushindi

Baba Lusajo 10:31
Wamecheza mechi zote tano Dubai, mpira unakuja polepole, maspina (warushaji wa kuzungusha mpira) wanne. Nenda nao Johannesburg mpira unaruka kifuani uone hao maspina watafanya nini. Mimi nawaogopa kwenye hilo

Mama Tusa Katibu 10:33
Sawa kocha. Namba 2 uandikwe wewe?

Mama Sekela 10:47
Kabla hatujafika Johannesburg. Hela ya king'amuzi ya hiyohiyo fainali ya 2023, tulitoa elfu tano tano, mechi tukaisikiliza kwenye simu ya Tusa iliyopasuka kioo. Sijasahau

Lwitiko 10:48
Na pilau halikuwa na nyama

Mama Tusa Katibu 10:50
Hayo tuliyamaliza kwenye msiba wa Kyela

Mama Sekela 10:50
Uliyamaliza wewe

Tusa 10:55
Jamani na wa kwetu je, U19 (chini ya miaka 19) wa Tanzania walifuzu Kombe la Dunia la vijana la 2026, mara ya kwanza kabisa, ova hamsini (ova ni mipira sita) kama hilo la wakubwa, mbona hamna aliyechangisha

Lwitiko 10:56
Mama yako alikuwa anatafuta nyama ya pilau

Mama Tusa Katibu 10:57
Lwitiko nitakutoa kwenye grupu

Babu 11:34
🎤 1:12

Tusa 11:41
Kwa ambao hawana bando Babu anasema:
"Mama Tusa nimewasikia. 2003 Wakenya walimpiga Sri Lanka pale Nairobi, yule kijana Obuya wiketi tano, wakafika nusu fainali, nikafurahi kama wa kwetu. Lakini nilikuwa nawahesabu. Tikolo, Odumbe, Odoyo, Suji, ni walewale waliomfunga West Indies 1996. Miaka saba ni walewale. Mimi nimekokota rola la kusawazisha uwanja pale Jimkana Dar, najua ukiona watoto hawaji kukusaidia kukokota ujue hiyo timu inaisha na watu wake. 2014 wakanyang'anywa hadhi ya mechi za kimataifa za siku moja. Msiniambie nani nyota, niambieni wa kumi na nne, yule wa benchi, ni nani. Na hela ya Mama Sekela irudi."

Mama Tusa Katibu 12:26
Nimekusikia Baba

Baba Lusajo 12:30
🙏🏾

Mama Sekela 12:31
Ndaga Baba

Mama Tusa Katibu 15:02
Kuhusu ile ya 2023 nitaongea na Mama Sekela pembeni. Namba 2 bado iko wazi

Tusa 15:10
Mama niandike, ila mechi moja iwe ya Zimbabwe sio India tu

Anko Mafinga 21:47
Kamwene wote, huku mtandao ulikata mchana kutwa ndo nafungua sasa meseji 83. Tunaenda wapi? Niandikeni tu ntalipa nikiuza mbao

Mama Tusa Katibu 21:48
2. Tusa
3. Anko Mafinga (mbao)
4.