Kikundi cha Ukoo, Njombe: mashine ya majani ya Baba Mkubwa

*Jumamosi asubuhi*

Baba Mkubwa: Kamwene wote. Mvua zimeshika na majani yamefika magotini. Vijana waliokuwa wananifyekea wamepata kazi ya ujenzi Makambako, na mgongo wangu mnaujua. Nataka ile mashine ya kukalia, kama treka ndogo. Ombeni anasema huko Ohio, Marekani, zimejaa, na wenzake wanapakia kontena mwezi ujao. Shamba lote ni ekari 14. Nishaurini kabla sijatoa hela.

Ombeni (Ohio): Shikamoo Baba Mkubwa. Zimejaa kweli. Kwa ekari 14 ningechukua ile ya mikono miwili, isiyo na usukani. Unasukuma mkono wa kulia na wa kushoto, inageuka palepale iliposimama. Deki, lile kasha la visu chini ya mashine, iwe ya inchi 54. Jirani yangu hapa ana uwanja wa ekari 3, anaumaliza kwa saa moja na nusu.

Baba Mkubwa: Marahaba mwanangu. Nimeiona hiyo kwenye video, imenivutia.

Shangazi: Kaka, kwani mbuzi wana kosa gani? Wanakula majani, wanakupa mbolea, na petroli hawanywi.

Neema: Shikamoo Shangazi. Mbuzi hapana, nakuomba sana. Ekari 9 pale ni parachichi. Majani ya mparachichi yana sumu inaitwa persini. Mbuzi akiyala kiwele kinavimba na maziwa yanakauka. Akila mengi yanamdhuru moyo, anaweza kufa. Kondoo na farasi vilevile. Na Hass tuliyopanda sisi ina asili ya Guatemala ndani yake, jamii ambayo sumu yake inajulikana zaidi.

Shangazi: Marahaba. Heee, hilo sikuwahi kulisikia. Mbuzi wangu nitawafunga mbali na miti ya jirani kuanzia leo.

Anko Fundi: Shemeji, habari za huko. Kabla hatujataja mashine yoyote nina swali. Kati ya ekari 14, majani ya kukata kwa mashine ni ekari ngapi? Mashine hainunuliwi kwa ekari zilizoandikwa kwenye hati.

Mama Mkubwa: Nijibu mimi, maana ndimi ninayelizunguka shamba. Parachichi ekari 9. Bondeni kuelekea mtoni, penye mikaratusi, ekari mbili na nusu. Zinazobaki mbili na nusu ni kuzunguka nyumba, njia ya kuingilia na kile kiwanja cha watoto.

Anko Fundi: Asante dada. Basi uwanja wenyewe ni ekari mbili na nusu. Deki ya inchi 42 ni sentimita 107. Dereva akienda mwendo wa kilomita 5 kwa saa, kwa saa moja anapita mita za mraba 5,350 hivi. Toa moja ya tano, maana kila mstari unapanda kidogo juu ya mwenzake na kuna kugeuka. Inabaki kama mita za mraba 4,280, na ekari ni 4,047. Kwa hiyo ekari moja kwa saa. Uwanja wako unaisha kwa saa mbili na nusu, shemeji. Inchi 54 za nini?

Ombeni (Ohio): Anko shikamoo. Lakini ya mikono miwili ina mbio zaidi, na inazunguka miti vizuri.

Anko Fundi: Marahaba. Mbio ni za uwanja uliolainishwa kama wa huko kwenu. Pale kwa shemeji kuna vichuguu, kuna mashimo ya fuko, kuna visiki vya mikaratusi vilivyokatwa na kuachwa. Ukienda kasi juu ya hapo utarushwa kwenye kiti. Ila mbio siyo hofu yangu. Hofu yangu ni mwinuko. Shemeji, mlima ule kutoka nyumbani kushuka bondeni umeupima?

Baba Mkubwa: Kwa macho tu.

Anko Fundi: Chukua ubao wa mita 2 ulionyooka na pimamaji. Ncha moja iweke chini upande wa juu wa mlima, nyanyua ncha ya pili mpaka povu likae katikati. Halafu pima kutoka ncha hiyo kushuka hadi ardhini. Ikizidi sentimita 54, hapo mteremko umepita nyuzi 15. Watengenezaji wengi wa mashine hizi wanakuambia usipande zaidi ya nyuzi 15, na za mikono miwili wengine wanaishia 10, yaani sentimita 35 kwenye ubao huohuo.

Baba Mkubwa: Nampa Jose ashike ubao. Nawarudia.

*Jumamosi alasiri*

Baba Mkubwa: [picha] [picha] Tumepima sehemu tano. Mbele ya nyumba sentimita 12. Kiwanja cha watoto 9. Njia ya kuingilia 30, pale kwenye kona 38. Kushuka bondeni 70.

Anko Fundi: Sasa tunaongea. 70 hiyo ni zaidi ya nyuzi 19. Pale haipandi mashine yoyote ya kukalia, hata uletewe ya bei gani. Pale ni mashine ya kufyekea ya kubeba begani, au fyekeo la mkono.

Neema: Na hata begani tufyeke kidogo tu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka mtoni zisiendeshewe shughuli za kuharibu ukingo. Majani yale ndiyo yanayoshika udongo, tuyaache yasimame.

Anko Fundi: Vizuri. Ile kona ya 38 nayo inaiondoa mashine ya mikono miwili. Ombeni, nisikilize kwa nini. Magurudumu yake ya mbele yanajizungukia tu, hayashiki njia. Kugeuka na kusimama vyote vinategemea magurudumu mawili ya nyuma. Kwenye majani yenye umande, ya nyuma yakiteleza umepoteza usukani na breki kwa wakati mmoja. Treka ndogo yenye usukani, angalau magurudumu ya mbele bado yanakusikiliza. Na hata hiyo unapanda na kushuka moja kwa moja, hukati mlima kwa ubavu.

Ombeni (Ohio): Nimeelewa Anko. Jirani yangu uwanja wake ni tambarare kabisa, sikuwahi kulifikiria hilo. Basi natafuta ya usukani, inchi 42. Huku mpya zinaanzia dola 2,000 na kitu, zilizotumika nusu ya hapo mtu anapata nzuri. Injini hosipawa 18 zinatosha?

Anko Fundi: Zinatosha kwa shida. Injini ya petroli isiyo na tabo inapoteza kama asilimia 3.5 kwa kila mita 300 unazopanda. Njombe tuko karibu mita 2,000. Piga mwenyewe: karibu robo ya nguvu imeondoka. Hosipawa 18 za Ohio kwetu zinafanya kazi ya 14. Majani ya masika ni mazito na yana maji. Tafuta 20 kwenda juu, ya silinda mbili ikipatikana. Na uulize kama injini hiyo ina jeti ya kabureta, kile kitundu cha kupimia petroli, ya sehemu za milimani. Ikija na jeti ya tambarare itakula mafuta mengi, itatoa moshi mweusi, na plagi zitakuwa nyeusi kila wiki.

Mama Jose: Naomba kuuliza, na zile za betri? Petroli inapanda kila kukicha.

Ombeni (Ohio): Zipo dada, na ni nzuri. Lakini betri ikifa huko, nani anaitengeneza? Kuisafirisha nayo ni kazi nyingine.

Mama Jose: Sawa, tuendelee na petroli.

Neema: Naomba tusisahau ekari 9 za parachichi, maana ndizo zinazotulisha. Baba Mkubwa, msimu uliopita uliingiza treka ya kukodi na fyekeo lake kati ya mistari, sivyo?

Baba Mkubwa: Ndiyo. Ilimaliza siku moja.

Neema: Treka ile ina zaidi ya tani 2. Mizizi inayolisha mparachichi iko juujuu, mingi haijapita sentimita 20 au 30 kwenda chini. Udongo ukiwa umelowa na treka ikapita, unashindiliwa, maji yanatuama, na kimelea cha kuozesha mizizi kinapata kinachokitaka. Ile miti ya upande wa kisima iliyoanza kuwa na majani madogo ya njano, mimi naishuku kwa hilo. Mashine ndogo ya kilo 200 ni afadhali mara nyingi.

Baba Mkubwa: Kwa hiyo hiyo ya Ombeni iingie shambani pia?

Neema: Iingie kwenye njia kati ya mistari tu. Tulipanda mita 7 kwa 7, nafasi ipo. Chini ya mti isiingie kabisa. Majani makavu yaliyodondoka pale yaachwe, ndiyo blanketi la mizizi, ila yasiguse shina. Na matairi yakitoka upande wa kisima yaoshwe kabla ya kwenda kwenye miti mizima. Kimelea hicho kinasafiri kwa tope.

Anko Fundi: Nakubaliana na Neema kwa sharti moja. Njia hizo zitembelewe kwa miguu kwanza, visiki vyote ving'olewe, mawe yaokotwe. Kisu kikigonga kisiki, mara nyingi shafti ya kisu inapinda au beringi zinakufa. Nimeshafungua deki za aina hiyo karakana, kasha limepasuka vipande. Na majani ya magotini mashine hizi haziyawezi. Deki inanyanyuka mpaka sentimita 10 hivi, basi. Mara ya kwanza yafyekwe kwa mkono, halafu mashine iyashike yakiwa mafupi, kila wiki au kila baada ya siku kumi mpaka mvua zikate Aprili. Shemeji ukijua hutaweza ratiba hiyo, usinunue.

Baba Mkubwa: Nitaiweza. Kukaa na kuendesha siyo shida. Shida ni kuinama.

Mama Mkubwa: Mimi nina langu, na nalisema mbele ya wote. Wajukuu wakija Desemba wote watataka kupakatwa kwenye hiyo treka. Sitaki. Nimesikia kisu kinaweza kukata mguu.

Anko Fundi: Dada hapo usilegeze hata kidogo. Ncha ya kisu inakwenda zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Hata jiwe dogo likichotwa linatoka kama risasi. Mashine ikiwaka watoto wawe ndani, na mlango umefungwa. Dereva anaporudi nyuma azime visu kwanza. Na kuna swichi chini ya kiti: mtu akinyanyuka, injini inazima. Kuna mafundi wanaiunganisha waya moja kwa moja kwa sababu inasumbua kwenye mabonde. Mtu asije kuigusa ile swichi. Ikisumbua niiteni mimi, nitakuja kutoka Makambako siku hiyohiyo.

Mama Mkubwa: Asante kaka yangu. Nimetulia.

Shangazi: Na itakaa wapi? Ikinyeshewa itaoza.

Baba Mkubwa: Banda la zamani la mbolea. Naliezeka upya.

Anko Fundi: Mbolea iondoke yote na sakafu ioshwe. Chumvi zake zinakula chuma. Ombeni, sasa kazi yako. Ukiiona mashine, usianze na rangi. Ikamate deki uitikise, isiwe inacheza. Zungusha kila kisu kwa mkono injini ikiwa imezimwa na waya wa plagi umechomolewa, sikiliza beringi. Iendeshe mlimani dakika ishirini mpaka oili ya gia ipate moto, uone kama bado ina nguvu. Zile gia za msukumo wa oili zikichoka, baridi zinavuta vizuri, zikipata moto zinalegea, na za mashine nyepesi hazitengenezeki kirahisi.

Ombeni (Ohio): Nimeandika yote. Vipuri je?

Anko Fundi: Hapo ndipo watu wengi wanaachia mashine ife. Mkanda wa deki siyo mkanda wa mashine ya kusaga. Una nyuzi maalumu ndani na unapinda mpaka kwa mgongo. Ukifunga wa kawaida unaungua ndani ya siku chache. Nunua mikanda mitatu ya deki, miwili ya kuendeshea, seti mbili za visu, filta za hewa na za oili, shafti moja ya kisu na beringi zake. Vyote viingie kontena hilohilo.

Shangazi: Vipuri nachangia mimi. Ombeni nitumie gharama.

Mama Jose: Betri yake na oili ni sisi.

Baba Mkubwa: Mungu awabariki wanangu. Ya mashine yenyewe ninayo, ni ya mauzo ya parachichi. Jumatatu Jose na wenzake wanaanza kung'oa visiki.

Ombeni (Ohio): [picha] Nimepata moja ya kuangalia leo jioni. Hosipawa 22, silinda mbili, inchi 42. Kibati cha modeli kiko chini ya kiti, namba inasomeka.

Anko Fundi: Kuza picha hapo kwenye namba, nitafute mikanda yake kabla hujalipa.