Datsun 1600 (510) iliyoshushwa: kemba ya nyuma imezidi, gereji wanasema hairekebishiki

Kijana_wa_1600

Wakuu, habari za leo. Naomba mwongozo wa alaimenti (mpangilio wa magurudumu) ya nyuma ya Datsun 1600 saluni ya 1971, ile 510 ambayo kila gurudumu la nyuma lina mkono wake. Siyo stesheni wagoni yenye ekseli nzima.

Nyuma ina springi fupi zilizoshusha gari kama milimita 50, shokapu fupi, na rimu za inchi 13 zilizo pana kuliko za kiwandani. Bushi za mikono na za krosimemba (chuma cha kukingama kinachoshika mikono) ni za mpira, na ni za zamani. Vipimo vya mashine ni hivi (kemba ni gurudumu kuegemea, hasi ikiwa kichwa kimeingia ndani; tou ni uelekeo wa gurudumu ukilitazama kutoka juu, tou-ini ikiwa mbele yake inaangalia ndani):

Kushoto: kemba -3.4 digrii, tou-ini 3 mm
Kulia: kemba -2.6 digrii, tou 0

Tairi zinaliwa upande wa ndani, ya kushoto zaidi. Kwenye barabara iliyonyooka inabidi usukani ushikwe umegeuka kulia kidogo. Gereji wanasema nyuma ya gari hili haina pa kurekebisha. Naona watu wanarefusha tundu za breketi za mikono. Je, tundu zirefushwe kuelekea wapi na kwa milimita ngapi? Na tou iwekwe ngapi?

Fundi_Chesisi

Mkuu, weka grenda chini kwanza. Vipimo vyako vina matatizo mawili, na tundu ndefu zinatibu moja tu.

Anza na tou. Jumla yake ni 3 mm kwenda ndani, ambayo siyo mbaya. Ubaya ni mgawanyo. Ingekuwa 1.5 kila upande, gari lingekwenda sawa. Kwako kushoto ni 3 na kulia ni 0, maana yake magurudumu yote mawili yanaangalia kulia kwa wastani wa 1.5 mm. Mkia unasukumwa kulia, pua inataka kwenda kushoto, ndiyo maana unashikilia usukani kulia. Pande mbili zikikosea kwa kiasi kilekile kuelekea upande mmoja, mtuhumiwa wa kwanza ni krosimemba yenyewe kukaa mshazari, siyo mikono.

Krosimemba ya 510 inaning'inia kwenye stadi mbili za bodi kupitia bushi kubwa za mpira zilizobanwa kwenye ncha zake. Mpira ukichoka, krosimemba nzima inasogea. Milimita 1.5 kwenye rimu ya 350 mm ni kama milimita 4 kwenye upana wa mita moja, kwa hiyo bushi iliyosogea 2 mm mbele upande mmoja na 2 mm nyuma upande wa pili inatosha kabisa kuleta hali yako. Ingiza mtarimbo kati ya krosimemba na bodi, sukuma mbele na nyuma. Ukiona chuma kinatembea na mpira una nyufa, badilisha zote mbili kwa pamoja. Angalia pia bushi za chuma cha nyuma kinachoshika difu, kwa sababu difu imefungwa kwenye krosimemba hiyohiyo na ikicheza inaivuta.

Ukishabadilisha, dondosha timazi kutoka kwenye bolti ya nje ya kila mkono, weka alama sakafuni, kisha pima mshazari kwa mshazari hadi sehemu mbili za chesisi ya mbele zinazolingana kushoto na kulia. Vipimo viwili vikipishana zaidi ya 2 mm, legeza nati za krosimemba uisogeze kabla ya kukaza.

Tofauti ya kemba ya 0.8 kati ya pande mbili mara nyingi ni kimo. Pima kutoka katikati ya haba (kitovu cha gurudumu) hadi ukingo wa bodi, kushoto na kulia. Tazama kama springi ya kushoto imekaa vizuri kwenye kikombe chake na kama mpira wake wa juu upo. Mpira huo ukikosekana upande mmoja, kimo kinapungua na kemba inaongezeka hapohapo.

Mzee_wa_Springi

Naunga mkono. Na niseme wazi: milimita 50 ni nyingi mno kwa nyuma ya aina hii. Mkono umefungwa mshazari, pivoti (bolti ambayo mkono unazungukia) ya ndani ikiwa nyuma kuliko ya nje, kwa hiyo kila gurudumu linapopanda, kichwa chake kinaegemea ndani. Hiyo siyo kasoro ya gari lako, ndivyo lilivyochorwa. Datsun 1600 SSS iliyoshinda mbio za Safari Rally za 1970 chini ya Edgar Herrmann na Hans Schüller ilikuwa na nyuma ya aina hii, na kwenye njia za Safari mtu ananyanyua gari, hashushi. Rudisha milimita 20 hadi 25 kwa springi ndefu kidogo na sehemu nzuri ya kemba itajirekebisha bila kuchomelea chochote.

Kitakachobaki ndicho cha kurekebisha kwenye breketi. Hesabu yake ni rahisi. Pima umbali kati ya bolti ya ndani na ya nje ya mkono mmoja, zidisha kwa 0.0175, unapata milimita za kusogeza kwa digrii 1. Umbali ukiwa 300 mm, digrii 1 ni kama 5 mm.

Kupunguza kemba hasi: nyanyua pivoti ya NDANI. Kushusha ya nje pia kunafanya kazi, ila kunabadilisha kimo cha gari zaidi, maana mkono unazungukia pivoti ya ndani iliyo mbali na gurudumu. Kwa hiyo tundu la ndani lirefushwe wima, kuelekea juu, 8 hadi 10 mm. Kabla ya kukata, hakikisha bolti ikipanda haitagusa sakafu ya gari wala shafti.

Tou: tundu la NJE lirefushwe mlalo, 3 mm mbele na 3 mm nyuma. Pivoti ya nje ikienda mbele unaongeza tou-ini, ikirudi nyuma unapunguza. Hapa kuwa mpole: kwa umbali huo wa 300 mm, kusogeza bolti 1 mm kunabadilisha tou zaidi ya 1 mm kwenye rimu. Kosa dogo la tupa linaonekana barabarani.

Usiache tundu refu tupu ukategemea kukaza nati. Shimo moja la barabarani au breki moja kali, bolti inateleza na alaimenti imepotea. Chomelea vizuizi viwili sambamba kwenye breketi, kisha tumia washa ya kamu (tundu lake haliko katikati, ukiizungusha inasogeza bolti) inayokaa katikati yake bila kucheza. Pande zote mbili za breketi, siyo moja. Krosimemba ishushwe na bushi zitolewe kabla ya kuchomelea, la sivyo unaunguza mpira. Kuchomelea ikiwa ndani ya gari, na tangi la petroli liko palepale nyuma, haifai kabisa.

Lengo la barabarani: kemba -1 hadi -1.5, tou-ini 1 mm kila upande. Tou-auti (magurudumu kuangalia nje) nyuma usikubali hata kidogo, gari litageuka mkia ukiachia mafuta kwenye kona. Na fahamu kwamba tou mbaya inakula tairi haraka kuliko kemba. Tairi yako ya kushoto inapigwa na vyote viwili.

Kijana_wa_1600

Asanteni sana wakuu. Mtarimbo umeonyesha bushi ya krosimemba ya kulia imekatika mpira. Nabadilisha zote. Je, nikiweka bushi za poliyurethani kwenye mikono itakuwa bora? Na naweza kupima mwenyewe kabla ya kurudi kwenye mashine?

Fundi_Chesisi

Poliyurethani kwenye mikono hii ina mtego. Ukinyanyua pivoti ya ndani peke yake, mstari wa bushi mbili za mkono unainama lakini bolti kwenye breketi zinabaki mlalo, kwa hiyo bushi hazikai tena kwenye mstari mmoja na bolti zake. Mpira unavumilia digrii 1 au 2. Poliyurethani inabana, mkono unakuwa mgumu kupanda na kushuka, na bushi inaliwa ukingoni. Kwa gari la barabarani weka mpira mpya. Ukitaka poliyurethani lazima breketi ya ndani na ya nje ziinamishwe kwa pembe ileile wakati wa kuchomelea, na bushi zipakwe grisi yake maalumu.

Kosa la kawaida na bushi za mpira: kukaza bolti za mikono gari likiwa juu ya jeki. Mpira unashikwa ukiwa umening'inia, gari likishuka unajinyonga, kimo kinakaa juu kwa uongo, na baada ya muda mfupi unachanika. Zikaze magurudumu yakiwa chini na uzito wa gari juu yake.

Kupima nyumbani inawezekana. Sakafu iwe sawa kwa pima maji, upepo wa tairi uwe sawa, tangi nusu, na mzigo wa kilo 70 hivi kwenye kiti cha dereva. Chini ya kila tairi ya nyuma weka vigae viwili vyenye grisi katikati ili gurudumu liteleze lenyewe, kisha bonyeza buti mara kadhaa gari likae.

Kemba: timazi ining'inie upande wa nje wa rimu, pima umbali wa uzi hadi ukingo wa juu na ukingo wa chini. Kwa rimu ya 350 mm, tofauti ya 6 mm ni digrii 1. Tou: vuta uzi wa kuvulia samaki kila upande wa gari kwa urefu wa haba, umbali hadi haba ulingane kushoto na kulia, mbele kwa mbele na nyuma kwa nyuma, na nyuzi mbili ziwe sambamba. Kisha pima uzi hadi ukingo wa mbele na wa nyuma wa rimu. Sukuma gari gurudumu lizunguke nusu, pima tena, chukua wastani, kwa sababu rimu iliyopinda 1 mm inakupa jibu la uongo.

Rekebisha kemba kwanza, tou mwisho, maana kila ukigusa kemba tou inasogea. Ukimaliza weka alama ya rangi kwenye washa za kamu na breketi zake. Baada ya kilomita 500 ingia chini uangalie kama alama bado zimelingana, na angalia pia shafti za pembeni zinateleza kwenye meno yake bila kukwama, kwa sababu gari lililoshushwa linazifanyisha kazi sehemu ambayo grisi ya zamani imekauka.