Tupeane uzoefu: kozi ya chuo ulichagua mwenyewe, au mzazi alikuchagulia?

Muuguzi wa Zamu (mwanzisha mada)

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni.

Mdogo wangu wa mwisho yuko kidato cha nne na shuleni wameanza kujaza selform, ile fomu ya kuchagua masomo ya kidato cha tano. Juzi baba kanipigia: "Mwambie mwenzio ajaze PCB," yaani Fizikia, Kemia na Biolojia. Nikakosa la kumjibu, maana ya kwangu mwenyewe bado yamenikaa kooni.

Mwaka 2018 nilimaliza kidato cha sita nikaomba vyuo viwili. Kimoja niliweka sayansi na teknolojia ya chakula, kitu nilichokipenda tangu tulipokuwa tunakausha maembe kwenye klabu ya shule. Kingine niliweka uuguzi ili baba aridhike. Nikachaguliwa kote. Sasa ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja lazima uthibitishe unakokwenda, na namba ya siri ya kuthibitisha inakuja kwa meseji. Sikuwa na simu, kwenye maombi tuliandika namba ya baba. Siku hiyo narudi kutoka mashineni, namkuta amekaa chini ya mwembe, miwani kaishusha puani, anafuta kioo cha simu kwa ncha ya shati. Akaniambia, "Nimeshapita stesheneri, kijana wa pale kanimalizia. Uuguzi. Ajira nje nje." Ndoo ya unga sikuwa nimeitua kichwani.

Nimehitimu, kazi ninayo, wagonjwa wangu nawapenda. Uuguzi wenyewe siujutii. Kinachoniuma ni kwamba hakuniuliza, na mpaka leo hatujawahi kulizungumza.

Kwenu ilikuwaje? Wazazi nanyi semeni, msituachie sisi watoto peke yetu.

Fundi Sola, Dodoma

Dada umenigusa. Mimi tangu darasa la tano nafungua redio za majirani. Kidato cha nne nikapata alama nzuri za Fizikia na Hesabu, nikataka PCM (Fizikia, Kemia na Hesabu). Mzee akasema kwenye ukoo hakuna daktari, nitakuwa wa kwanza. Nikasoma PCB, nikapata udaktari.

Mwaka wa kwanza, chumba cha anatomia. Harufu ya fomalini ilikuwa inanifuata mpaka mezani, nikinyanyua kijiko cha wali naisikia kwenye vidole. Wenzangu walizoea baada ya wiki mbili tatu, mimi wapi. Wao walikuwa wanabishana majina ya mishipa mpaka usiku wa manane kwa sababu wanayapenda, mimi nayakariri kama namba za magari. Sapu, mitihani ya marudio, zikaanza, nikaponea chupuchupu, mwaka wa pili nikadisko, yaani nikaondolewa chuo kwa kufeli. Nilitoka hosteli alfajiri na begi ili nisikutane na mtu.

Sasa sikilizeni hapa, ndipo penye maumivu. Nilipotaka kuomba uhandisi wa umeme nikaambiwa sina Hesabu ya kidato cha sita. Kwa PCB tulisoma BAM tu, ile Hesabu nyepesi ya ziada, na kwa uhandisi wa umeme BAM haikunisaidia kitu. Kwa hiyo sikuchaguliwa kozi moja tu. Siku mzee aliponijazia tahasusi, yaani mchepuo wa masomo matatu, nikiwa na miaka 17, alifunga na milango mingine yote, na wala hakujua kama anaifunga.

Nikaenda VETA, chuo cha ufundi, kusoma umeme. Leo nafunga sola na pampu za visima, nina vijana wanne chini yangu. Mzee akija ananishikia ngazi. Deni la bodi ya mikopo la ile miaka miwili bado nalipa.

Mlipa Ada

Mimi ni mzazi na nasema wazi, anayelipa ada ana haki ya kusema. Nimewasomesha watatu. Mtoto wa miaka 18 anajua nini kuhusu soko la ajira? Kaona mtu amevaa vizuri kwenye simu, naye anataka kusoma hiyo hiyo.

Muuguzi wa Zamu

Shikamoo mzee wangu. Kusema una haki, hilo silipingi. Ila wengi wetu tumesoma kwa mkopo, na bodi inakata 15% ya mshahara wangu mimi. Baba alichagua, makato yakaja kwangu.

Mlipa Ada

Marahaba mwanangu. Hilo la makato sikuwa nimeliangalia hivyo.

Mama wa Mchele, Mbeya

Mimi elimu yangu ni ya darasa la saba, nauza mchele sokoni. Mtoaji mada ametaka wazazi tuseme, basi nasema.

Kijana wangu alikuwa anachora. Akichora jogoo unatamani umkamate. Akaniambia mama, chuo kikuu kuna kozi ya sanaa. Nikamwambia mwanangu, sanaa ni ya watu wenye akiba, wewe soma ualimu. Enzi zetu mwalimu akimaliza tu chuo, jina linatoka, anapangiwa kituo, na mshahara unaanza. Nilikuwa nimeuona utaratibu huo kwa macho yangu, sikumdanganya. Akasoma ualimu wa Historia na Kiswahili. Alipomaliza, mambo yalikuwa yamebadilika. Siku hizi wanaomba kwenye mtandao, wanaitwa usaili, maelfu kwa maelfu, na wa masomo kama hayo ya Historia na Kiswahili ndio wengi zaidi. Alikaa nyumbani miaka sita. Anaamka, anafagia uwanja, anakaa.

Nilimwomba msamaha. Ilikuwa usiku, tunapepeta mchele wa kupeleka sokoni kesho yake. Akasema, "Mama, ulinipa ulichokuwa nacho." Sasa hivi anaandika mabango ya maduka na kuchora kuta za shule za chekechea, na shule moja ya binafsi imempa vipindi vya Kiswahili.

Wanangu, mzazi anakushauri kwa dunia aliyoiona yeye, na ile ya kwangu ilikuwa imeshapita bila mimi kujua.

Bikoni

Naleta upande mwingine, maana wapo wazazi waliopatia. Baba alikuwa dereva, akiwaendesha wapima ardhi. Mimi nilikuwa na HGL yangu kichwani (Historia, Jiografia na Kiingereza), nataka sheria. Hakunibishia. Likizo ya kidato cha nne akamwomba bosi wake nikae nao kambini wiki mbili, maporini huko Kisarawe. Kazi yangu ilikuwa kushika fimbo wima huku mpimaji anachungulia kwenye mashine, "Kushoto kidogo, hapo hapo!" na kumwagia zege kwenye bikoni, zile alama za mipaka ya viwanja. Siku ya tatu nikaanza kuuliza maswali. Siku ya kumi mpimaji mmoja akanionyesha anavyokokotoa pembe kwenye daftari, nikaona kumbe Hesabu ina kazi.

Nikasoma PGM (Fizikia, Jiografia na Hesabu), nikaenda Chuo Kikuu Ardhi. Baba hakuniambia neno moja la "soma hiki". Alinipeleka tu nikaone.

Kutoka Kakamega

Jamani, huku kwetu Kenya mambo yamesogea mapema zaidi. Kwa mtaala wa zamani, wazazi husubiri matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, ndipo hukaa na watoto kujaza kozi za KUCCPS, wanaopanga wanafunzi vyuoni. Sasa kwa mtaala mpya, kundi la kwanza limeingia Gredi ya 10 Januari 2026, na mtoto wa miaka 15 ameshachagua kati ya sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Wangu alichagua sanaa na michezo. Nilikaa kimya siku mbili kabla ya kusaini, sitaki kusema uongo. Nikamuuliza utafanya nini ukiumia goti? Akanijibu bila kubabaika kwamba anataka kufundisha mchezo, si kuucheza tu. Nikasaini.

Fundi Sola, Dodoma

Hilo swali la goti ndilo nililolikosa mimi. Laiti mzee angeniuliza tu, "Ukiona damu unakuwaje?"

Muuguzi wa Zamu

Asanteni sana. Nimesoma yote, la Mama wa Mchele nimelirudia mara mbili.

Leo nimempigia baba, nikamsimulia kuhusu fundi na ile milango. Akakaa kimya mpaka nikadhani laini imekatika. Kisha akasema, "Mpe mdogo wako simu." Nikawaweka wote pamoja. Dogo akasema anataka Fizikia, Hesabu na Kompyuta. Nilidhani baba atakata simu. Akauliza, "Hiyo Kompyuta ni shule zipi zinafundisha? Maabara zinazo?" Dogo hakujua. Wamekubaliana Jumamosi waende wote kwa mwalimu wa taaluma kuulizia. Tangu 2024 tahasusi zimeongezwa, zimefika 65, lakini si kila shule inazo.

La kwangu la 2018 hatukuligusa, labda Jumamosi. Ila dogo akitimiza miaka 18 nitampeleka mwenyewe NIDA, apate namba ya kitambulisho cha taifa, asajili laini kwa jina lake kabla hajaomba chuo.